Shule Iliyoanza na Dola Moja na Nusu

(Hotuba kwa wanavikundi wa kujisaidia katika mkutano wa kufunga mwaka. Tumeichapa hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Wenyeviti, makatibu, waweka hazina, kina mama na wazee wetu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: karibuni sana. Tunajua wengine mmetembea tangu alfajiri na wengine mmewaachia majirani ng'ombe wawakamulie. Kwa hiyo hatutawachosha. Tumekuja na swali moja na hadithi moja ya kweli.

Swali ni hili: pesa za kikundi ni za nini?

Msicheke. Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Vikundi vingi vitafungua sanduku, mweka hazina atasoma hesabu, kila mtu atapata fungu lake na watu watapiga makofi. Ni haki yenu, ni jasho lenu. Lakini sisi tunaotembelea vikundi huona pia mambo ya Januari. Kuna kikundi kimoja, jina tunalihifadhi, ambacho kiligawana vizuri sana. Kila mama alipata sufuria mpya, mchele na blanketi. Tulipopita huko wiki ya pili ya Januari, tulimkuta binti wa mwanachama mmoja akisugua ile sufuria mpya kwa majivu. Kaka yake alikuwa ameenda shule. Tulipomuuliza mama, alijibu kwa sauti ya chini: "Karo haikutosha wawili."

Hakuna mtu mbaya katika nyumba ile. Hata sisi tulikuwa tumekisifu kikundi hicho kwa kuweka hesabu safi. Hatukuwa tumekiuliza hesabu hiyo ni ya kazi gani. Basi tukarudi ofisini tukiwa kimya, na katika mazungumzo yetu tukaikumbuka shule moja ya wasichana ya zamani, ambayo tunadhani inaweza kutusaidia kujibu.

Msichana aliyenyang'anywa kitabu

Shule hiyo haikuwa Kenya. Ilikuwa Marekani, katika mji wa Daytona, jimbo la Florida. Aliyeianzisha aliitwa Mary McLeod Bethune. Sisi tutamwita Mama Bethune, kama vile tungemwita angekuwa jirani yetu.

Alizaliwa mwaka 1875 karibu na Mayesville, jimbo la South Carolina, miaka kumi tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Baba na mama yake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Kazi ya nyumbani ilikuwa kulima na kuchuma pamba, na tangu utotoni alikwenda shambani na wenzake.

Siku moja alifuatana na mama yake kwenye nyumba ya Wazungu ambao mama alikuwa akiwafulia nguo. Humo akaona kitabu, akakishika. Mtoto wa Kizungu akamwambia akiweke chini kwa sababu yeye hajui kusoma. Neno lile lilimchoma. Alisema baadaye kwamba siku hiyo alielewa kuwa tofauti kubwa kati yake na yule mtoto ilikuwa ni kusoma. Shule ya misheni ilipofunguliwa kwao, ndiye aliyechaguliwa nyumbani kwenda. Alitembea maili nyingi kwenda na kurudi kila siku, na jioni aliwafundisha ndugu zake alichojifunza.

Mwalimu wake alimwombea msaada, na mwanamke mmoja mshona nguo wa mbali huko Colorado akajitolea kumlipia karo katika shule ya wasichana ya Scotia, North Carolina. Angalieni hapo, wanavikundi. Aliyemlipia hakuwa tajiri wa kupanda gari la farasi. Alikuwa fundi wa cherehani, kama fundi wetu wa sokoni.

Baadaye alisoma chuo cha Biblia huko Chicago. Nia yake ilikuwa kuja huku kwetu Afrika awe mmisionari. Akaambiwa hakuna nafasi ya mmisionari mweusi Afrika. Fikirieni jambo hilo! Iliumiza, na mwenyewe alisema ni mojawapo ya masikitiko makubwa ya maisha yake. Lakini hakukaa chini akalia. Alikwenda kufundisha, na mahali pamoja alipofundisha, katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, mkuu wa shule alikuwa mwanamke mweusi, Lucy Laney. Hapo akaona kwa macho kwamba mwanamke mweusi anaweza kuendesha shule.

Makaa, magunia na jaa la takataka

Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa kuelekea kusini mwa Florida. Watu weusi wengi walikwenda huko kutafuta kibarua na kuishi katika vibanda. Watoto wao hawakuwa na shule ya maana. Mama Bethune akasema, hapo ndipo mahali pangu.

Oktoba 1904 alifungua shule Daytona. Alikuwa na dola moja na nusu mfukoni. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, na mtoto wake mwenyewe wa kiume akawa wa sita. Nyumba ilikuwa ya kupanga, dola 11 kwa mwezi, na hizo dola 11 hakuwa nazo. Alimwomba mwenye nyumba amwamini, naye akamwamini.

Sasa sikilizeni vifaa vya shule. Meza ya mwalimu ilikuwa sanduku la mbao la kubebea mizigo. Penseli zilikuwa vijiti vilivyoungua motoni. Wino waliupata kwa kuponda matunda meusi ya mwituni. Alizunguka jaani na nyuma ya mahoteli ya matajiri, akaokota sahani zenye ufa, viti vilivyovunjika, shuka zilizotupwa. Vyote vilisuguliwa na kutengenezwa, na kutengeneza huko kulikuwa sehemu ya masomo. Wasichana wa mbali walipohitaji pa kulala, alichukua magunia ya mahindi, akayajaza majani yale yanayoning'inia mitini kama ndevu za mzee, baada ya kuyakausha vizuri. Hayo ndiyo yalikuwa magodoro.

Karo ilikuwa senti 50 kwa wiki. Aliyekuwa nayo alilipa. Asiyekuwa nayo hakurudishwa nyumbani.

Nyumba ikajaa haraka. Ikabidi kutafuta ardhi. Kulikuwa na jaa la takataka la mji, mahali penye kinamasi ambapo watu walipaita Shimo la Jehanamu. Mwenyewe alitaka dola 250. Wakapatana: dola tano kwanza, nyingine polepole. Hata hizo tano hakuwa nazo. Basi yeye na wasichana wakapika pai za viazi vitamu, yaani ile mikate mitamu yenye viazi ndani, wakatengeneza na aiskrimu, wakaenda kuwauzia mafundi na vibarua kwenye kazi za ujenzi. Zilipotimia dola tano, alimpelekea mwenye ardhi zikiwa sarafu tupu, zimefungwa kwenye kitambaa, kama vile mama zetu wanavyofunga pesa kwenye pindo la leso.

Alipoanza kujenga, aliwaendea mafundi wa mbao na wa plasta akawaambia: nifanyieni kazi saa chache jioni, nami nitawafundisha ninyi na watoto wenu kusoma, tena mtakula. Wenye mchanga na matofali ya mitumba aliwaganda mpaka wakatoa. Mwaka 1907 wakahamia kwenye jengo la ghorofa. Waliliita Jengo la Imani. Waliandika penye mlango kwamba unayeingia, ingia ujifunze. Na unayetoka, toka ukatumikie watu.

Mfadhili alikuta kazi imeanza

Tunajua mnachotaka kuuliza. Je, hakuwa na wafadhili? Alikuwa nao. Tusidanganyane kwamba pai peke yake zilijenga shule ile. Daytona ilikuwa mji ambao matajiri wa kaskazini walikuja kukimbia baridi. Mama Bethune alipanda baiskeli yake nzee akabisha mlango mmoja baada ya mwingine, na wasichana walikwenda kuimba katika mahoteli.

Mmoja wa matajiri hao alikuwa James Gamble, wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble. Ninyi mnaopika sabuni mtafurahi kusikia hivyo. Inasimuliwa kwamba alikuja kuiona shule aliyoombwa awe mdhamini wake, akatazama huku na huku, akauliza shule yenyewe iko wapi. Mama Bethune akamweleza kwamba anamwomba awe mdhamini wa kile kilichoko moyoni mwake, ambacho bado hakijaonekana. Gamble akakubali, na alikaa katika baraza la wadhamini miaka mingi. Mwingine, Thomas White wa kampuni ya cherehani, alisaidia kwa majengo na vifaa.

Lakini jiulizeni: watu hao walikuta nini walipofika? Walikuta wasichana wamekwisha kuamka, wamefagia, wameanza masomo kwa penseli za makaa. Mfadhili hakuja kuanzisha. Alikuta kazi imeanza, akaongeza mkono. Vikundi vyetu vingapi vimekaa na katiba na mhuri mwaka wa tatu sasa, vikisubiri mzungu au mheshimiwa ndipo vianze?

Maisha ya kila siku

Wasichana waliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa kusoma Biblia. Siku iliisha saa tatu usiku. Walijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Walijifunza pia kupika, kushona nguo na kofia, na kulima. Shamba la shule liliwalisha, na mboga na shira ya miwa waliyoitengeneza iliuzwa kwa wageni.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Wakati ule kulikuwa na ubishi mkubwa kati ya watu weusi wa Marekani. Wengine, kama Booker T. Washington, ambaye aliitembelea shule hii mwaka 1912, walisisitiza kazi za mikono kwanza. Wengine, kama W. E. B. Du Bois, walisema mtu mweusi akifundishwa kazi za mikono tu atabaki mtumishi wa Mzungu maisha yake yote. Kwa wasichana hatari ilikuwa kubwa zaidi. Msichana anayejua kupika na kufua tu, kesho atapika na kufua katika nyumba ya nani?

Mama Bethune hakuchagua upande mmoja akautupa mwingine. Alifundisha kazi za mikono bila kuona haya, kwa sababu zililisha shule. Lakini kila mwaka aliongeza kitu juu yake: sayansi, biashara, kisha masomo ya sekondari, hesabu za juu, Kiingereza na lugha za kigeni, na mafunzo ya ualimu. Pai za viazi zilikuwa za kununulia ardhi. Hakutaka msichana aishie kuuza pai. Tukisahau kila neno la leo, tulishike hilo.

Hospitali na usiku wa 1920

Siku moja mwanafunzi alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa ya Wazungu. Mama Bethune alibembeleza mpaka msichana akapasuliwa. Alipokwenda kumwona alimkuta amelazwa kwenye baraza ya nyuma, karibu na jikoni. Alitoka pale na uamuzi. Mwaka 1911 shule ilifungua hospitali yake, ikaitwa McLeod, kwa jina la wazazi wake. Ilianza na vitanda viwili. Baadaye vikafika ishirini. Wasichana walipata mafunzo ya uuguzi hapo hapo. Homa kali ya mafua ilipoua watu duniani kote mwaka 1918, hospitali ilijaa ikabidi wagonjwa walazwe katika ukumbi wa shule.

Shule haikujifungia ndani ya ua wake. Wanafunzi walikwenda kwenye kambi za wavuna utomvu wa misonobari kuwafundisha watoto wa vibarua. Jumapili alasiri kulikuwa na mkutano wa wazi shuleni, na humo weusi na weupe waliketi bila kutengwa, katika jimbo ambalo sheria ilitenga watu kwa rangi.

Kisha ukaja mwaka 1920, wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura. Mama Bethune aliwahimiza watu weusi wa Daytona wajiandikishe, akawafundisha usiku wajue kusoma, kwa sababu walitegewa mitihani na kodi ili washindwe. Usiku wa kuamkia uchaguzi, Ku Klux Klan, lile kundi la siri la kuwatisha watu weusi, waliingia katika uwanja wa shule wakiwa na kanzu nyeupe na nyuso zilizofunikwa. Hebu fikirieni bweni la wasichana usiku ule! Mama Bethune alisimama mbele yao, na wasichana wakaimba nyimbo za dini mpaka wale watu wakaondoka. Asubuhi aliongoza watu wake kwenda kupiga kura.

Matunda

Kufikia wakati huo wanafunzi walikuwa wamepita 300. Mwaka 1923 shule iliungana na shule ya Cookman kutoka Jacksonville. Ikakua ikawa chuo, na tangu 2007 ni chuo kikuu: Bethune-Cookman. Kipo hadi leo, na kilianzia kwenye lile jaa la takataka.

Mama Bethune mwenyewe aliitwa serikalini wakati wa Rais Roosevelt kusimamia mambo ya vijana weusi. Mwaka 1935 aliunganisha vyama vingi vya wanawake weusi kuwa baraza moja la nchi nzima. Afrika aliyokatazwa alifika hatimaye mwaka 1952, alipotumwa Liberia kuiwakilisha nchi yake. Alifariki mwaka 1955. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kwa niaba ya jimbo la Florida.

Lakini tusimtazame yeye peke yake. Mmoja wa wasichana wa shule ile alikuwa Lucy Miller, mtoto wa Daytona. Aliendelea hadi Chuo cha Talladega, kisha katika mji wa Boston akawa kiongozi wa mambo ya shule za watoto wadogo, akijulikana kwa jina la ndoa, Lucy Miller Mitchell. Watoto wangapi walipita mikononi mwake? Na yeye naye alipita mikononi mwa mwanamke aliyelipiwa karo na mshona nguo. Hivyo ndivyo mchango mdogo unavyotembea.

Turudi kwenye sanduku letu

Hatusemi msigawane. Mama anahitaji sufuria, na Krismasi bila chapati si Krismasi. Hatusemi pia kwamba kikundi kibebe karo yote; hamwezi, na tungekuwa tunawadanganya. Tunasema hivi: kabla ya kufungua sanduku, kila mwanachama ataje watoto wake wote wanaotakiwa shuleni Januari, wavulana na wasichana, na upungufu wake ni kiasi gani. Katibu aandike. Halafu mkubaliane fungu la kuweka kando kwanza, hata likiwa dogo, ndipo mgawane linalobaki. Fungu hilo liwe na daftari lake na lisomwe mbele ya wote, kwa sababu pesa zisizosomwa huota miguu.

Na tusione haya kutaja upungufu. Yule mama aliyetujibu kwa sauti ya chini hakuwahi kusema jambo hilo katika mkutano wa kikundi. Alikaa katikati ya wenzake ishirini akapiga makofi nao. Binti yake amekwisha kupoteza mwaka. Mwaka huu kikundi chake kimekubali kumwanzishia fungu, na wao ndio waliotuomba tuzungumze haya leo.

Kuku wenu, sabuni zenu, mandazi yenu ni zile pai za viazi vitamu. Pikeni, uzeni, wekeni hesabu. Lakini kila mkihesabu, ulizeni: zinanunua nini?

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika hadithi hii, ni nani waliosaidia kabla ya matajiri? Walitoa nini?

2. Mwaka jana pesa za kikundi chetu zilifanya kazi gani? Tuorodheshe bila kulaumiana.

3. Je, kuna msichana katika nyumba zetu aliyebaki nyumbani kwa sababu ya karo? Ni nani anayejua, na kwa nini hatukuambiana?

4. Ni jambo gani tunalosubiri mfadhili aje alianzishe, ambalo tunaweza kulianza wiki hii kwa kile tulicho nacho?